Kilti si ya harusi tu: kwa nini mwanaume asiivae kazini, sokoni na nyumbani?

#1 Kijana wa Clydeside
Salaam wakuu.

Niko Glasgow, Uskoti, kikazi. Jumamosi hapa hukosi msafara wa harusi: bwana harusi, wapambe wake, baba mkwe, wote wamevaa kilti, ile nguo ya Waskoti ya miraba na marinda inayozungushwa kiunoni mpaka magotini, soksi ndefu mpaka chini ya goti, mkoba wa ngozi unaning'inia mbele. Jumatatu hao hao unawakuta kwenye treni na suruali zao za kijivu. Kilti zimesharudi dukani zilikokodishwa.

Mtaani kwetu anayeivaa siku zote ni fundi bomba mmoja tu. Anaingia nayo chini ya sinki, anapanda nayo ngazi, mvua inyeshe isinyeshe.

Hoja yangu: hili lilikuwa vazi la kazi, watu wakaligeuza pambo la sherehe. Ni nguo imara, inapitisha hewa, inadumu miaka na miaka. Sioni kwa nini mwanaume yeyote, Mskoti au si Mskoti, asiivae siku ya kawaida. Na sisi Waswahili ndio wa mwisho kucheka, maana misuli na vikoi tumerithi kwa babu zetu. Karibuni, hoja zitangulie matusi.

#2 Chogo_Mbagala
Kwa hiyo umepanda ndege mbili kwenda kuvaa sketi. Mama anajua?

#3 BintiMchangani
Chogo, na baba yako akitoka kuoga jioni anajifunga nini? Haya, nakaa kiti cha mbele.

#4 Mzee wa Gerezani
Vijana mnabishania nguo msiyoijua ilikotoka. Kilti ya zamani haikuwa na marinda ya kushonwa. Lilikuwa blanketi refu la sufu. Mtu analitandaza chini, analikunja marinda kwa mkono, analala juu yake, anafunga mshipi, kipande kinachobaki anakitupia begani. Usiku analifungua anajifunika. Nguo ya wachunga ng'ombe wa Nyanda za Juu za Uskoti, watu wa baridi na umande.

Hii fupi, ya kuanzia kiunoni, ilienea karne ya 18. Anayetajwa sana ni Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuri la chuma huko Glengarry miaka ya 1720. Inasemekana ndiye aliyeagiza ikatwe ili wafanyakazi wasihangaike na blanketi mbele ya moto. Yaani hiyo alama ya Uskoti imekatwa na Mwingereza kiwandani.

Kisha ikaja vita ya Culloden, Aprili 1746. Waasi wa Kiskoti waliposhindwa na jeshi la mfalme, London ikapiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume na wavulana. Kosa la kwanza jela miezi 6, la pili unasafirishwa ng'ambo kwenye mashamba miaka 7. Sheria ikafutwa 1782. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa baba wa watu wakati inafutwa, na amekulia kwenye suruali. Kilti ya kila siku ilifia hapo, si kwa sababu ya mitindo.

#5 Kijana wa Clydeside
Shukrani mzee. Ila habari ya Rawlinson hapa inagombanisha watu. Wapo wanaoshikilia kwamba nusu ya chini ilikuwa ikivaliwa peke yake kabla yake. Na marufuku haikuwagusa wanajeshi. Vikosi vya Nyanda za Juu vilivyomtumikia mfalme viliendelea kuvaa kilti, kwa hiyo vazi halikufa, lilihamia kambini.

#6 Mzee wa Gerezani
Kuhamia kambini ndiko kufa kwenyewe. Nguo ikishakuwa sare haina tena mwenyewe.

#7 Fundi Marinda
Mimi ni fundi cherehani, ngoja niwaambie upande wa kitambaa. Kilti kamili inakula yadi 8 za sufu nzito. Mbele ni bapa, vipande viwili vinapishana, marinda yote yako nyuma na ubavuni, na kila rinda linapangwa ili mistari ya kitambaa isivunjike. Hiyo si kazi ya saa mbili. Ikikamilika inakaribia kilo 2, ndiyo maana upepo hauibebi ovyo. Na haina mfuko hata mmoja, ule mkoba wa mbele haukuwekwa kwa urembo.

Sasa niambieni nani atavaa kilo 2 za sufu Kariakoo mwezi wa pili. Acheni aibu na dini, tuzungumze joto.

#8 Njoro_wa_Limuru
Sasa nyinyi watu mnasahau Wamaasai. Ile shuka nyekundu ya miraba ni ya Waskoti moja kwa moja, walileta wamishonari. Sisi huku Kiambu tuko na Thogoto, misheni yao ilihamia Kikuyu kutoka Kibwezi mwaka 1898. Mskoti alikuja na Biblia mkono mmoja na kilti mkono mwingine. Hiyo kitu iko wazi kabisa.

#9 Ole_Simanjiro
Njoro, wazi kwa nani? Wazee wetu walivaa ngozi. Nguo ya pamba ilitufikia kwa biashara: merikani iliyokuja Zanzibar kwa meli kutoka Marekani, vitambaa vya Kihindi, kisha blanketi za madukani. Miraba imekuja baadaye kabisa, na hakuna anayeweza kukuonyesha mmishonari aliyeigawa. Kitambaa cha miraba kinatokea popote penye kitanda cha mfumi na nyuzi za rangi mbili. Huko Falkirk wamechimba kipande cha karne ya 3, kilikuwa kimeziba chungu cha sarafu za Kirumi. Huko China magharibi, jangwa la Taklamakan, kuna maiti zilizokauka zenye nguo za miraba, nzee kuliko hicho cha Falkirk. Nao walitembelewa na mmishonari wa Thogoto?

Na hao wamishonari wenu waliwavisha wanafunzi kaptula za kaki. Sijawahi kusikia shule iliyogawa kilti.

#10 Njoro_wa_Limuru
Umekasirika bure ndugu yangu. Lakini zinafanana. Hilo huwezi kukataa.

#11 Ole_Simanjiro
Sijakasirika. Nakumbusha tu kwamba mwaka 1967 na 1968 serikali ya Tanzania ilikuwa na kampeni ya kumvua Mmaasai shuka avae suruali, eti ndiyo maendeleo. Watu walisumbuliwa kwenye mabasi na maofisini kwa ajili ya nguo yao. Leo picha hiyo hiyo ya shuka iko kwenye kila bango la utalii. Kwa hiyo Kijana wa Clydeside anapouliza mwanaume avae nini siku ya kawaida, mimi nauliza kwanza nani ana mamlaka ya kuita siku yangu ya kawaida au ya maonyesho. Lubega yangu naivaa mnadani, benki na kliniki. Haisubiri harusi.

#12 Chogo_Mbagala
Uzi ulikuwa wa sketi, sasa tuko China magharibi. Endeleeni.

#13 DaktariWaMtaa
Kuna jambo la afya hamjaligusa. Korodani zinahitaji kuwa baridi kidogo kuliko mwili ili mbegu zitengenezwe vizuri, ndiyo maana Mungu akaziweka nje. Mwaka 2013 mtafiti wa Kiholanzi, Erwin Kompanje, alichapisha makala kwenye jarida la kitabibu la Uskoti akisema huenda kuvaa kilti bila kitu ndani kunasaidia ubora wa mbegu. Wanaume wenzangu, tafakarini suruali za kubana mnazozikalia kwenye daladala saa mbili.

#14 BintiMchangani
Daktari, soma vizuri. Alikusanya maandiko ya watu kuhusu joto na mbegu, akakisia. Hakupima wanaume wenye kilti na wasio na kilti. "Huenda" ni neno kubwa hapo.

#15 DaktariWaMtaa
Nimesema huenda.

#16 Abu Wizar
Assalaam alaykum kutoka Maskati. Mie nawasoma nacheka. Huku Oman kila mwanaume ana wizari, kitambaa cha kuzungusha kiunoni, chini ya dishdasha. Mvuvi anavaa wizari na fulana anashuka nayo baharini. Lakini kutoka nayo peke yake kwenda afisini, aib. Juu yake lazima kanzu. Ni kama msuli kwetu Unguja: barazani sawa, dukani pa jirani sawa, msikitini ukiwa na kanzu au shati la heshima sawa, mjini ukiwa na msuli mtupu watu watauliza umefiwa au umeibiwa.

Kwa hiyo mambo ya umbo yasiwababaishe. Hapana mtu anaeogopa kitambaa kisokuwa na miguu. Kila nguo imepewa mpaka wake, na ukivuka mpaka ndo unapochekwa.

Halafu kwa taarifa yenu, jeshi la Oman lina wapiga zumari za Kiskoti, wengine wanapiga juu ya ngamia. Mpaka leo.

#17 Njoro_wa_Limuru
Ngamia na zumari ya Kiskoti! Mzee Abu umeshinda uzi.

#18 Wakili_Dada
Nimefurahia hoja ya mpaka ila naongeza: mpaka huwekwa na mtu, tena kwa amri. Malawi 1973, chini ya Kamuzu Banda, ilitungwa sheria ya mavazi iliyomkataza mwanamke suruali na sketi fupi, ikaja kufutwa miaka ya 1990. Banda huyo alisoma udaktari Edinburgh na alikuwa mzee wa kanisa la Uskoti. Yaani aliishi kwenye nchi ambayo mwanaume anaonyesha magoti, akarudi kwao kuwafunika wanawake.

Kwetu, Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Angalieni mwaka na mlinganishe na alichoandika Ole_Simanjiro hapo #11. Zama zile zile, Mmaasai anaambiwa avae suruali na kijana wa Dar anaambiwa avue ya kwake. Hakuna suruali "ya kawaida", kuna suruali iliyomridhisha mwenye rungu.

#19 Mtumishi Hewa
Na sisi watumishi wa umma tuna waraka wa mavazi wa mwaka 2007. Naomba mtu aingie nayo kilti ofisini Dodoma halafu alete mrejesho hapa. Si mimi.

#20 Mzee wa Gerezani
Wakili umenena. Narudi Uskoti maana hamjafika mwaka wenyewe. 1822, Mfalme George IV anatembelea Edinburgh. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyesimamia mapokezi, akawaagiza wakubwa wote wavae kilti. Mfalme mwenyewe, mtu mnene, akaivaa na soksi ndefu za rangi ya waridi za kufunika miguu yote. Watu wa Nyanda za Chini, ambao miaka yote waliwaona wavaa kilti kuwa wezi wa ng'ombe, wakakimbilia mafundi kushona. Tangu hapo vazi la mchungaji likawa la bwana mkubwa, na kila ukoo ukatafutiwa miraba yake. Ukiona kilti inavaliwa harusini tu, mtafute Scott na mfalme wake, usitafute marufuku.

#21 Kijana wa Clydeside
Mzee, kule #4 ulituambia iliuawa na marufuku ya 1746. Sasa imeuawa na sherehe ya 1822. Chagua moja.

#22 Mzee wa Gerezani
Mtu anaweza kuuawa mara mbili.

#23 Gurinda
Mimi ni mchomeleaji, naona mnazunguka tu. Kilti iliondoka kwa sababu ya mashine. Mkanda wa mashine, mnyororo, cheche za gurinda: nguo yenye marinda inayopepea ni hatari, na mguu mtupu ni hatari zaidi. Angalieni vita vya kwanza vya dunia. Waskoti waliingia kwenye mahandaki na kilti. Chawa walijaa kwenye marinda, matope yakiganda kwa baridi pindo linachana ngozi nyuma ya magoti. Vita vya pili vilipoanza wakakatazwa kwenda nazo mapambanoni. Leo ni za gwaride. Jeshi halijali aibu wala sherehe, linajali kinachofanya kazi.

#24 Kijana wa Clydeside
Lakini fundi bomba wangu anafanya kazi nayo kila siku na hajafa.

#25 Gurinda
Bomba haina cheche. Mlete karakana.

#26 Shela_Nahodha
Mimi mtu wa Lamu. Gurinda, mabaharia wamepanda mlingoti na kikoi karne ngapi? Kikoi kikileta matata unapiga ubinda: unashika pindo la mbele, unalipitisha katikati ya miguu, unalichomeka nyuma kiunoni. Tayari una kaptula. Ukimaliza kazi unaachia, una nguo ya kukaa barazani. Suruali inaweza hivyo? Nguo isiyoshonwa inabadilika na kazi. Mlipoanza kushona marinda mkayakaza, ndipo mlipoiua.

Kwa hiyo mimi nakubaliana na mzee kuhusu lile blanketi la zamani. Lile lilikuwa kikoi cha baridi.

#27 Fundi Marinda
Shela_Nahodha, hapo umenigusa pabaya lakini ni kweli. Marinda ya kushonwa hayarudi nyuma. Na ukinenepa umekwisha.

#28 BintiMchangani
Kuna jambo wanaume mnaliruka. Sisi tulipoanza kuvaa suruali tulipanda: ilikuwa nguo ya mwenye madaraka. Mwanaume akivaa kinachofanana na sketi mnaona ameshuka. Hapo ndipo kicheko cha Chogo kinapotoka, wala si kwenye joto au mashine. Mngekuwa mnaogopa joto mngeacha tai.

#29 Chogo_Mbagala
Dada, mimi nacheka kila kitu. Hata tai nacheka.

#30 BintiMchangani
Na tena huyo mwenye kilti anapata tunachopata sisi. Nilisoma habari ya baa moja ya Inverness, mwaka 2017, wahudumu wa kiume waliacha kuvaa kilti kazini kwa sababu wateja wanawake walikuwa wakizifunua kuangalia kilichomo. Kila mtu aliichukulia mzaha.

#31 Kijana wa Clydeside
Ni kweli, na swali la "ndani kuna nini" linachosha, fundi bomba huulizwa na kila mlevi. Sheria ya hapa dhidi ya kumpiga mtu picha chini ya nguo ipo tangu 2010, na haichagui mwanaume wala mwanamke. England na Wales walisubiri hadi 2019.

#32 MsafiriPole
Kwani lazima iwe ya Uskoti? Mtu akiniuliza mimi nitampeleka Fiji. Wanaume wanavaa sulu, nguo yao ya kuzungusha kiunoni; ile ya kiofisi ni kitambaa cha suti, ina mifuko, juu shati na tai, chini makubazi. Polisi wao wana sulu nyeupe yenye pindo la meno meno. Bhutan mwanaume akienda ofisi ya serikali anavaa gho, joho linalofungwa kiunoni na kuishia magotini. Myanmar longyi, yaani msuli wao, iko sokoni, bungeni, kila mahali. Kule hakuna mtu anayefungua mjadala kama huu, wameamka wamevaa.

Na Marekani kuna kampuni inaitwa Utilikilts, ilianzia Seattle mwaka 2000, wanashona kilti za kazi za pamba nzito, mifuko mikubwa pembeni. Wateja wao ni hao hao mafundi anaowasema Gurinda.

#33 Wakili_Dada
Bhutan usiitaje haraka. Kule ni amri ya serikali, na Wabhutani wenye asili ya Nepal waliteseka kwa amri hiyo hiyo miaka ya 1980 mwishoni. Vazi la taifa linaweza kuwa jela.

#34 MsafiriPole
Sawa, toa Bhutan. Fiji inabaki.

#35 Ole_Simanjiro
Wakili, ongeza na Nairobi. Novemba 2023 Spika Wetang'ula alikataza suti za Kaunda bungeni, wakati Rais Ruto mwenyewe alikuwa akizivaa kila wiki. Suti ya Kaunda ni suruali kamili na koti, miguu miwili, mifuko, kila kitu. Bado haikufaa. Sasa kilti mnaipeleka wapi?

#36 Njoro_wa_Limuru
Hapo umesema ukweli, leo nakuunga mkono. Weka kwenye kumbukumbu.

#37 Kijana wa Clydeside
Naomba nijibu Fundi Marinda kuhusu joto, #7 ilipita kimya kimya. Hakuna anayesema sufu ya kilo 2 ije Dar. Umbo ndilo ninalolitetea. Ukichukua kitenge au kaki nyepesi, yadi 4 badala ya 8, ukaweka mfuko, unapata kitu kingine kabisa. Na miraba haina mwenyewe: Uskoti ina daftari rasmi la miraba tangu 2009, hata kampuni na klabu za mpira zimesajili za kwao. Mtu akitaka kubuni ya Mbagala hakatazwi.

#38 Chogo_Mbagala
Miraba ya Mbagala iwe na rangi ya vumbi na moshi wa daladala. Halafu mashabiki wa Uskoti wakija wavae hiyo, labda watafungwa kidogo. Juni 2024 walijaa Munich na kilti zao kufungua Euro, Mjerumani akawapiga 5-1.

#39 Kijana wa Clydeside
Hilo halihusiani.

#40 Chogo_Mbagala
Linahusiana. Upepo uliingia.

#41 Fundi Marinda
Clydeside, ukipunguza yadi marinda yanakuwa machache, nguo inakosa uzito, upepo wa kwanza wa kivuko cha Kigamboni unakuaibisha. Uzito ndio heshima ya ile nguo. Labda uweke risasi za uzito kwenye pindo kama za nyavu. Nimewahi kuletewa kazi ya namna hiyo na mteja wa maigizo, nikatumia jinzi, ikakaa vizuri lakini jasho lake usiseme.

#42 Abu Wizar
Jinzi tena! Si bora avae msuli wake mwepesi wa Kiindonesia akanyamaza?

#43 Kijana wa Clydeside
Mzee Abu, msuli hauna mshipi. Ukikimbilia basi unabaki mkononi.

#44 Shela_Nahodha
Hujui kufunga. Unavuta pande mbili, unakunja tumboni, unaviringisha chini mara mbili tatu. Mimi nimepanda punda, nimeogelea, nimebishana na askari wa baraza la mji, haujafunguka.

#45 Mgeni_Mpya
Habari wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi napanda bodaboda kwenda kazini kila siku, Tegeta hadi Mwenge. Kuna aliyejaribu kilti au kikoi kwenye pikipiki? Unakaa upande au unapanua miguu?

#46 Gurinda
Ekzosi itakufundisha.

#47 Shela_Nahodha
Piga ubinda, panda. Ukishuka achia. Na vaa helmeti, magoti yatapona, kichwa hakina fundi.

#48 Mtumishi Hewa
Bado nasubiri wa Dodoma.